Abiria Aliyenizaa

Kasia langu la usukani nimelitundika juu ya mlango, na kwa mkono wangu halitashuka tena. Siku hizi nalala usiku kucha. Upepo ukipiga mabati nageukia upande wa pili, nasema hilo ni jambo la wengine. Wengine wenyewe ni ninyi, wanangu mnaopakia watu hapa Rumonge kwa vyombo vya mtambo, na ni ninyi mlionitumia ujumbe: Bibi, tuandikie mulijifunza namna gani.

Haya, naandika. Nilisoma chuo cha Kurani, nikatolewa kabla sijahitimu kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuteka maji. Mkiona herufi zimelala, zisimamisheni wenyewe. Habari ya ujira, na nani alimpita nani kwa cheo, sitaiandika, haimsaidii mtu kwenye mawimbi. Lakini lile ninaloshukuru kila nikimaliza kuswali nitaliandika mwanzo kabisa: miaka yangu yote sikumwacha abiria majini. Niliwachosha, niliwalowesha, wako walionitukana tangu hapa mpaka Nyanza. Walifika.

Nilijifunza wakati wa Wadachi. Bendera yao ilikuwa Usumbura. Barabara ya magari haikuwako, maana kule Muhuta milima inashuka mpaka majini bila kuacha hata pa kutandika mkeka. Mwenye safari alikuwa na miguu yake, au alikuwa na mtumbwi. Uliokuwa unapakia watu ni mtumbwi wa Bi Tausi: gogo moja refu lililoongezwa mbao kando, wapiga kasia sita, na mtu wa usukani nyuma kabisa, pale tunapopaita tezi. Bi Tausi alikuwa mjane, mtumbwi aliurithi kwa mumewe, na hakuupanda hata siku moja. Alisema hataki kuona mali yake inavyotumika.

Ufuo wetu una maji mafupi. Mtumbwi uliopakia hauji mpaka mchangani, unasimama pale maji yanapofika kiunoni, na wakati ule abiria walibebwa mgongoni na wapiga kasia. Wanaume hawakuona tabu. Lakini wake wa wafanyabiashara, watu wa stara, hawakukubali kupanda mgongo wa mwanamume wa watu, na waume zao ndio kabisa. Harusi za Usumbura zikawa zinakosa watu. Bi Tausi akatafuta mwanamke mwenye mgongo. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama, na mgongo nilikuwa nao. Ndivyo nilivyoingia kazini, kama punda.

Siku ya kwanza nilimwangusha mtu. Alikuwa kungwi anayekwenda kumfunda bibi harusi, amefunga nguo mpya, mikono imejaa hina. Nilikanyaga jiwe lenye utelezi, akakaa majini mpaka kifuani, akanitazama. Sikucheka. Wapiga kasia walinisaidia kucheka. Nilipomaliza kumpandisha, mtu wa usukani akaniita. Huyo alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa Ujiji, mkavu kama kuni, jicho lake moja limeanza kuingia ukungu.

"Yule mama uliyemwangusha," akasema, "uzito wake iko upande gani?"

"Kushoto, baba. Anaegemea nyonga ya kushoto."

"Na yule mwembamba uliyembeba mbele yake?"

"Ule mwembamba ni mzito. Ana mifupa."

Akautazama mtumbwi. "Basi kungwi akae kulia, na wa mifupa akae katikati. Waambie weye. Mimi nikiwaambia wananijibu."

Mafunzo yangu yalianzia hapo, ingawa hakuna aliyeniambia kwamba ni mafunzo. Kwa muda mrefu kazi ilikuwa kubeba, na kila niliyembeba niseme akae wapi. Nikisema vibaya Mzee Feruzi hakunisahihisha kwa mdomo. Aliniambia nimbebe tena, nimhamishe. Mke mmoja wa muuza samaki nilimhamisha mpaka akauliza kama tumeshafika Usumbura. Lakini mgongo hauelewi kwa kuambiwa, huelewa kwa kuumia, na mpaka leo mtu akipita hapa mlangoni najua angekaa wapi.

Baada ya mgongo, nikapewa kata. Nilikaa chini, miguuni pa wapiga kasia, nikifua maji, yaani kuyachota yaliyoingia na kuyarudisha ziwani. Kazi hiyo mnaidharau kwa sababu mna pampu. Anayefua maji ndiye wa kwanza kujua chombo kinaumwa. Maji yakikusanyika mbele, mtu wa mbele amesogea. Yakikusanyika nyuma, tezi imelemewa. Hapo huhitaji hata kuinua macho.

Ndipo nikapewa kasia lenyewe. Kasia la usukani ni refu kuliko mtu, na hupakwa mawese lisipasuke. Siyo mawese ya kula, ni yale machachu ya chini ya mtungi. Ukilipaka mawese mazuri wapiga kasia watakusema mwaka mzima. Mzee Feruzi aliniketisha kwenye tezi, yeye akaenda kukaa katikati ya chombo, akanipa mgongo, shuka begani. Hakugeuka kunitazama. Alisema mwalimu akimtazama mwanafunzi, mwanafunzi naye atamtazama mwalimu, na hayo maji yatatazamwa na nani? Nikikosea, alikuna kisogo. Nikikosea sana, alikuna kwa mikono miwili. Kisogo kile ndicho kitabu nilichosoma kuliko vyote.

Mambo mengine nilijifunza kwa wapiga kasia. Mkubwa wao alikuwa Baragunzwa, Mrundi wa Gitaza, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, aliyechoka na ndagala. Yeye ndiye aliyenifundisha dawa ya abiria anayesimama. Usimpigie kelele, ataona haya, atabaki amesimama abishane. Mwambie nguo yake imelowa kwa nyuma. Atakaa mwenyewe, upesi. Dawa hiyo bado inafanya kazi, hata kwa watu wa ofisi.

Mwaka gari la moshi lilipofika Kigoma, kabla ya vita ya Wadachi na Wabeleji, kaka yangu Hamisi alikuwa kule. Walimchukua kulisha moto kuni, kisha wakaanza kumfundisha kuendesha. Kiangazi akaja kutusalimia, amevaa kofia, hakuivua hata ndani. Tukakaa uani tunalinganisha kazi.

"Dada, lile gari lina njia yake ya chuma," akasema. "Hata ukisinzia linafika."

"Na weye wanakufundisha nini, kama linafika lenyewe?"

"Kulisimamisha."

"Tangu ulipoanza, kulisimamisha tu?"

"Wee, lina watu ndani. Kulikimbiza hata mwendawazimu anaweza. Mwalimu ananiambia, hujui gari mpaka umelisimamisha limejaa, kwenye mteremko, na mvua." Akanitazama. "Na wewe, mtumbwi unausimamisha namna gani?"

Nilifikiri. "Hausimami," nikamwambia. "Ukiuacha, maji yanauchukua."

Akacheka, akasema basi yangu si kazi, ni kamari. Mama alikuwa pembeni anasuka ukili. Akasema, "Umesikia? Hata ndugu yako anajua." Mama, Bi Chausiku, hakuipenda kazi yangu tangu mwanzo. Alikuwa na mchumba wa kunipa, muuza chumvi, mtu wa meno mazuri. Alikuwa anangoja tu mtumbwi unichoshe.

Na wakati huo mafunzo yalikuwa yamefika mwisho. Ukungu wa Mzee Feruzi ulikuwa umehamia jicho la pili, kiangazi kile ndicho alichosema ni cha mwisho kwake. Bi Tausi alikuwa na mpwa wake aliyelitaka kasia, kijana mzuri, hajui kuogelea. Kwangu ilibaki safari moja, ile ya desturi. Ninyi hamkuifanya, kwa hiyo naieleza.

Desturi ya ufuo wetu ilikuwa hivi: mwanafunzi wa usukani hakabidhiwi abiria wa watu mpaka apakie wa kwake. Safari ya mwisho ya mafunzo hupakia damu yake peke yake, na wa kwanza ni mama. Mwenye mama hai hawezi kuleta mwingine badala yake. Mama akikataa, kasia linakwenda kwa mtu mwingine. Watu walisema maana yake ni kwamba ukizamisha, uzamishe chako. Na mimi niliamini hivyo.

Nilimwendea mama na kahawa.

"Nilikuzaa, nikakunyonyesha," akasema, "sasa unataka kunitosa?"

"Nataka kukufikisha Gitaza, mama."

Akaacha ukili. Gitaza alikuwako mdogo wake, mama mdogo wetu, anakausha ndagala. Walikuwa hawajaonana miaka, kwa sababu mama aliogopa ziwa, na njia ya mlimani ilimshinda magoti. Nilijua nilipomgusa. Alisuka tena kidogo, kisha akasema:

"Nitakwenda. Lakini nikisema pwani, ni pwani."

"Ndiyo, mama."

Ningejibu nini kingine? Hakuna mtoto kwetu anayemwambia mama yake hapana, tena yeye mwenyewe ndiye aliyemletea kahawa. Mzee Feruzi alikuwa mlangoni, amekuja kuulizia siku ya safari. Nikamwona anakuna kisogo, kwa mikono miwili. Sikuelewa. Nilidhani ni chawa.

Tuliondoka alfajiri. Nilimbeba mama, na njia nzima mpaka mtumbwini alikuwa akiniambia taratibu, mimi si mtungi. Nikambeba na shangazi yetu Zuhura. Hamisi alibebwa na Baragunzwa, na kofia yake. Nilikuwa nimempangia mama mahali, katikati, chini, uso mbele. Mama akatazama, akasema hapo kuna maji. Akapita mbele ya watu wote, akaja kukaa karibu na tezi, magoti yake yanagusa yangu, uso kwangu.

"Hapa nakuona," akasema.

Nikamwacha. Mzee Feruzi alikwisha kukaa, mgongo kwangu.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Baragunzwa alianzisha wimbo, wenzake wakaitikia, na hata shangazi alipiga makofi. Hamisi alieleza habari za gari la moshi mpaka kichefuchefu kikamnyamazisha. Mama alinitazama mikono. Kila nilipogeuza kasia aliuliza kwa nini nimeligeuza, na mimi nikamweleza, kwa heshima, kila mara. Sikuona kwamba nimeshaanza kuendesha uso wake badala ya maji.

Upepo wa kusini uliamka mapema kuliko nilivyotaka. Kwa safari ya Gitaza upepo huo unatoka nyuma, na wimbi la nyuma lina sheria moja: ukiligeuzia tezi, litakusukuma, ukiligeuzia ubavu, litakupindua. Basi unakwenda nalo tu. Kabla ya kufika Gitaza mlima unaingiza pua yake majini, na ukishaipita ile pua upepo unakatika kama mtu amefunga mlango. Safari yote ni kufika puani.

Lakini tezi ilikuwa nzito kwa sababu ya mama, na mama hakuwa mwanamke mdogo. Mtumbwi ulichelewa kuinuka. Wimbi likawa linapita ukingoni na kuingia. Hamisi alishika kata, anafua huku anatapika, sikujua anatoa zaidi au anaongeza.

Mama akageuza shingo akaiona pwani. Ilikuwa karibu, mchanga mweupe, mto unaingia hapo, wanawake wanaanika samaki.

"Pwani," akasema.

"Mama, tukigeuka..."

"Nimesema pwani. Ulinipa neno."

Shangazi akadakia, "Mutoto, sikia mama yako. Pwani si iko hapo?"

Na mkono wangu ukageuza. Sikuamua mimi, mkono uliamua, ule mkono uliozoea tangu utotoni kufanya alichosema mama. Omo, yaani mbele ya chombo, ikaanza kuelekea pwani, ubavu ukaanza kufunguka kwa mawimbi. Moja likaingia zima, likawajaza mapajani. Pale mbele, mdomoni mwa mto, niliona maji yanasimama meupe na kuvunjika.

Nikatafuta kisogo cha Mzee Feruzi. Hakikukunwa. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika ukingo wa mtumbwi.

Baragunzwa aliinua kasia lake, na wenzake wote wakainua. Akageuka akaniuliza, bila kelele, kama mtu anauliza njia: "Tunafuata nani? Weye, ao mama wako?"

Nilimtazama mama. Alikuwa na hofu. Nilikuwa nimemwona na hasira na nimemwona na njaa, lakini hofu nilikuwa sijaiona usoni pake hata siku moja.

"Mama," nikasema, "nyamaza."

Shangazi akasema astaghfirullah.

"Nyamaza, na usogee katikati. Kwa matako, usisimame. Mzee Feruzi, mpishe mama. Uso mbele, mama, usinitazame mimi. Pwani hatwendi. Baragunzwa, puani."

"Ego," akaitika Baragunzwa kwa Kirundi, na makasia yakashuka pamoja.

Mama alisogea. Alikokota mwili wake majini pale chini, akaketi nilipompangia tangu alfajiri, mgongo kwangu. Tezi ikainuka. Nililisikia kasia limekuwa jepesi mkononi, nikairudisha omo mahali pake kabla wimbi la pili halijafika, nalo likatuinua, likatusukuma, likapita. Na lililofuata hivyo hivyo. Kata ya Hamisi tu ndiyo iliyosikika, na pumzi za wapiga kasia.

Tulipoipita pua ya mlima upepo ukakatika. Maji yakawa kama ya kwenye sinia. Harufu ya ndagala za Gitaza ikaja, na nawaambia, wanangu, tangu siku hiyo harufu hiyo watu wanayozibia pua mimi naivuta ndani. Shangazi alianza kulia, kisha akaanza kucheka, kisha akauliza kama kuna chakula.

Mama hakugeuka. Kwenye maji mafupi nilishuka nikainama nimbebe. Akanipita kwa macho, akamwita Hamisi, Hamisi aliyekuwa hawezi hata kujibeba mwenyewe, akapanda mgongo wake. Mdogo wake alikuwa amekuja mbio ufuoni. Walikumbatiana wakalia. Mimi nilibaki majini mpaka kiunoni, nimeinama.

Mzee Feruzi akaja kusimama karibu nami.

"Mwaka ule wangu," akasema, "mama aliniambia tugeuke. Nikageuka. Tuliogelea. Alhamdulillahi maji yalikuwa mafupi, lakini nilingoja mwaka mwingine kupewa kasia." Akapangusa jicho lake bovu. "Watu wanasema ni ili uogope kuzamisha chako. Uongo. Mgeni akikuambia pwani, utamwambia hapana, si kitu. Anayeweza kuzamisha chombo chako kwa neno moja ni mama yako peke yake."

"Ungeniambia mapema, baba."

"Ningekuambia ungemjibu mimi nikiwa masikioni mwako. Ulitakiwa umjibu weye." Akaniwekea kasia begani. "Ni lako. Kesho hapa kuna abiria wa Usumbura wanangoja."

Nilikuwa nimelitaka neno hilo kuliko kitu chochote, na nilipolipata halikunishibisha. Radhi ya mama si kitu cha kuacha ufuoni. Nilikwenda kumuaga kwa mama mdogo, wakasema amelala. Nilijua hakulala. Mama hakuwa mtu wa kulala mchana.

Basi nikaenda Usumbura na abiria wa watu. Mzee Feruzi alikaa katikati kama mzigo mwingine, akasinzia kweli. Nilifanya kazi vizuri. Niliwapanga, walikaa, mmoja alisimama nikamwambia nguo yake imelowa. Lakini moyoni nilikuwa nasema, nimepata kasia nimepoteza mzazi, na muuza chumvi angekuwa nafuu.

Kurudi tulipita Gitaza asubuhi, kabla ya upepo. Ufuoni palikuwa na watu wanaongoja kupakiwa, na katikati yao mama, na kikapu cha ndagala kavu kichwani, na mdogo wake anamshika mkono. Angeweza kungoja nguvu arudi kwa njia ya mlimani. Angeweza kuongozana na Hamisi, ambaye aliapa kurudi kwa miguu mpaka Rumonge na kofia yake.

Nilishuka majini nikaenda mpaka mchangani. Sikumwamkia. Niligeuka nikainama tu. Nikasikia anampa mtu kikapu. Kisha uzito wake ukanijia mgongoni, uzito ninaoujua, umeegemea kulia kidogo kwa sababu ya goti.

Nikatembea. Maji yakafika magotini, yakafika mapajani. Hakusema taratibu. Tulipofika kiunoni akaleta mdomo karibu na sikio langu, watu wasisikie.

"Nikae wapi, nahodha?"

"Katikati, mama," nikamwambia. "Chini. Uso mbele."

Akaketi hapo hapo. Nikapanda kwenye tezi, nikalishika kasia, Baragunzwa akaanzisha wimbo. Kutoka Gitaza mpaka Rumonge nilikuwa na kisogo cha mama mbele yangu, kimefungwa kitambaa cheupe, na njia nzima hakukikuna.